Mishale Arobaini na Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepata kazi. Au karibu nipate. Tuseme nimepata nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni suala la muda tu.

Kamati ya kijiji ilikutana katika darasa la nne, wazee wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti kifuani. Jambo lenyewe: waendesha baiskeli sita wanakuja Jumamosi kutembea. Watapita msituni, watateremka bonde la mto, watavuka daraja la waya, kisha watapanda hadi kijiji cha kale kule juu penye nyumba za mawe na milango ya kuchongwa. Wakifurahi, wengine watafuata kila wiki. Kwa hiyo anatakiwa mwongozaji rasmi. Mmoja. Kofia yake ipo tayari, nimeiona mezani kwa Mwenyekiti. Ya kijani, ina kamba ya kidevuni!

Nilisimama kabla sijaulizwa. Nikasema mimi ni karani wa daftari la wageni pale Nyumba ya Kumbukumbu mwaka wa tisa huu, wageni nawajua nje ndani. Bahati mbaya Fundi Spoki naye akainua mkono. Huyu anatengeneza baiskeli pale njiapanda, kucha zake hazijawahi kutoka grisi, na msitu ule anaukatiza kila wiki. Mwenyekiti, ambaye hapendi kumuudhi mtu hata akimkanyaga, akagawa: mimi niwaongoze kutoka hapa mpaka darajani, Spoki awapokee ng'ambo na kuwapandisha kijiji cha kale. Wageni wenyewe watasema nani bora.

Kisha Bwana Misitu akasimama, akaongea kirefu kuhusu miti ya kuvunwa, alama, rangi nyekundu, wakata miti watakaofika Ijumaa. Sikumsikiliza. Nilikuwa natunga hotuba ya shukrani.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Yeye ni mhudumu wa afya. Siku tatu kwa wiki anavuka mto kwa baiskeli, mizani ya watoto wachanga kaifunga kwenye keria, kwenda kuwapima watoto wa ng'ambo. Hakupiga vigelegele. Alisema amevumilia sungura. Amevumilia uyoga chini ya kitanda. Amevumilia ule mtambo wa kukaushia nguo uliounguza sare zake mbili. Hii ndiyo ya mwisho. Nikiiharibu na hii kwa ujanja ujanja wangu, atahamia kwao ng'ambo, na harudi mpaka aone kwa macho yake kazi moja niliyoianza na kuimaliza kwa mikono hii. Nikamwambia ondoa shaka. Akasema shaka anayo tangu siku ya harusi.

Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kwa siku chache, alikuwa kando anachambua maharage. Hakusema neno. Huyo asiposema ndiyo mbaya zaidi.

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi. Kuna tatizo dogo: njia ya msituni siijui.

Si kosa langu. Kwa miaka tisa nimewaelekeza wageni kutoka kwenye kiti changu, na hakuna aliyerudi kulalamika. (Mke wangu anasema wengine hawakurudi kabisa. Utani wake huo.) Niliingia na baiskeli saa tatu, nikatokea palepale nilipoingilia. Nikaingia tena, nikatokea tena palepale. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota kuni alinisalimia kila nilipotokea, na mara ya tatu akaniuliza kama ni mashindano, na wenzangu wako wapi.

Mara ya nne cheni ikaruka. Nikaigeuza baiskeli miguu juu, nikaitazama. Nayo ikanitazama. Nani akatokea? Spoki, bila shaka. Akairudisha cheni kwa vidole viwili, akakataa asante, halafu akajitolea kunizungusha njia nzima mpaka mtoni ili niijue kabla ya Jumamosi. Eti sote tunakijengea kijiji kimoja.

Nikakataa palepale. Mimi si mtoto wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Akinionyesha njia leo, kesho atatangaza kwamba alinionyesha njia.

Jumatano, 5 Juni

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na zangu leo zimesimama!

Nilisikia Spoki akimwambia Mwenyekiti kwamba anakwenda kukagua njia. Vizuri. Nikavuta bati la rangi nyekundu kutoka uvunguni, lile lililobaki tulipopaka mlango wa zahanati, nikachukua brashi, nikamfuata nyuma kwa mbali, nikijibanza kwenye shina moja baada ya jingine. Yeye akipita, mimi napaka. Kila kona, mti mmoja, mshale mmoja, usawa wa kifua, ncha ikielekea njia inakokwenda. Aliwahi kugeuka mara moja. Nikasimama wima nyuma ya mti mwembamba mno kwa mwili wangu. Akasalimia hewani, akaendelea.

Jumla: mishale arobaini na mmoja. Wa mwisho nimeuchora kwenye ule mti mnene wa ukingoni, uliozungushiwa waya za daraja. Huo nimeupa mshale mkubwa kuliko yote, umeelekea mtoni moja kwa moja, mgeni asije akakosea akatafuta njia nyingine.

Sasa Jumamosi nitawaongoza kama mtu aliyezaliwa humo msituni. Na Spoki ndiye aliyenifundisha njia bila kujua, kwa hiyo hawezi kudai chochote. Nimecheka peke yangu mpaka nyumbani. Mama mkwe akaitazama mikono yangu, akauliza nimechinja nini.

Alhamisi, 6 Juni

Mtu mwenye busara haachi mambo mikononi mwa wageni. Wageni hawatabiriki. Mwingine anafurahi sana halafu anaandika maneno mawili: "Pazuri. Asante." Hayo yatamsaidia nani?

Kwa hiyo leo, ofisini, nimewaandikia mapema. Maoni sita, ya tarehe nane, kwa hati sita tofauti, mawili kwa mkono wa kushoto. "Mwongozaji wa msituni ni hazina ya taifa." "Yule wa pili alijitahidi." Kuhusu daraja nimeandika: "Imara ajabu, tumevuka bila hata kutikisika." Nimejikuta nimeguswa na maneno yangu mwenyewe.

Jioni mke wangu alikuwa akijaza upepo tairi la nyuma. Kesho anavuka, atalala kwa mama yake, na Jumamosi kliniki yake ni palepale kwenye kichwa cha daraja. Akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye pampu, kwamba akimaliza kupima watoto atasimama ukingoni anione nikiteremka bondeni mbele ya wageni. Akasema atafurahi.

Neno hilo sijalisikia kwake tangu kabla ya sungura. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kidogo. Nampenda mwanamke huyu, na nataka anione mara moja, moja tu, nikitangulia watu huku najua ninakokwenda.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu amevuka alfajiri. Mama mkwe alikuwa arudi naye, lakini goti limevimba, na baiskeli ina keria moja na keria hiyo ina mizani. Akasema atabaki mpaka Jumapili. Nikasema karibu sana, mama. Akasema unafiki haujawahi kunikaa vizuri.

Mchana kutwa misumeno ya injini inanguruma msituni. Watu wanachapa kazi! Laiti wote tungekuwa hivyo. Mimi nilikuwa kitandani, narudia hotuba.

Saa tisa hivi ukasikika mshindo mkubwa upande wa mtoni, vikombe vikatikisika kabatini. Mama mkwe akauliza ni nini. Nikamwambia ni maendeleo.

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika kwa utaratibu, nisije nikaruka kitu.

Wageni walifika saa mbili. Mwalimu Mstaafu wa jiografia, mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kifuani. Daktari wa Meno. Mume na mke waliovaa suruali za kubana za rangi moja. Na dada wawili wasiosema. Hotuba yangu ilichukua dakika kumi na nane, na Daktari wa Meno alitazama saa mara tatu tu.

Tukaingia msituni. Nikatafuta mshale wa kwanza. Hakuna. Nikatafuta mti wenyewe. Hakuna! Kuna kisiki kibichi kinachonuka utomvu, na mti umelala juu ya njia, kwa urefu, umeifuata njia kama mkeka uliotandikwa. Nikatangaza kwamba hiki ni kizuizi cha asili. Mwalimu Mstaafu akapapasa kisiki, akasema asili siku hizi inatumia msumeno.

Mti wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Kwenye wa tano wageni wakaanza kubeba baiskeli mabegani. Baiskeli zao zina gia ishirini na saba, na hakuna hata moja ya kupanda gogo. Kwenye gogo la kumi na tisa mume alimkumbusha mkewe ni nani aliyetaka mapumziko ya utulivu. Kwenye la thelathini wale dada wakasema, na heri wangenyamaza. Lakini haki ni haki, na lazima niiandike: hatukupotea. Kila gogo lilituelekeza.

Kwenye gogo la thelathini na nane tukawakuta wakata miti wamekaa wanakunywa chai. Msimamizi wao akanipokea kwa furaha. Akasema miaka ishirini ya kazi hajapata kuona msitu uliowekwa alama kwa ustadi namna hii. Kwa kawaida Bwana Misitu huweka doa jekundu tu kwenye mti wa kukatwa, mtu unabaki kubahatisha uangukie wapi. Safari hii kuna mishale! Basi wakauangusha kila mti kule mshale wake ulikoelekea. Hawakukosea hata mmoja.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kuhusu mti wa ukingoni. Akakuna kichwa. Akasema huo kweli uliwatia wasiwasi kidogo, maana ulikuwa umefungwa waya. Lakini alama ni alama, wao hawajaajiriwa kuuliza. Na mshale wake ulikuwa mkubwa kuliko yote.

Tukafika mtoni. Mti umeelekea majini, kama ulivyoagizwa. Daraja limeinama nao, mbao zinaelea, waya zimejikunja. Maji yanakwenda kwa kasi. Ng'ambo Spoki, aliyevuka tangu jana asubuhi, kasimama na baiskeli yake safi. Na kando yake mke wangu. Alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwani, kile cha kutokea. Kwa ajili yangu. Hapo ndipo moyo uliponiporomoka, si kwenye daraja.

Alitazama mti. Akatazama mshale, uliokuwa bado unang'aa juu ya gogo. Akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Aliweka viganja mdomoni, akauliza swali moja tu kuvuka mto: je, hiyo ni rangi ya mlango wa zahanati? Nikaitikia kwa kichwa. Wageni wote sita wakageuka kunitazama. Akageuza baiskeli, akaondoka akiikokota, mizani inayumba nyuma.

Jumatatu, 10 Juni

Darasa la nne tena. Safari hii nimepewa dawati la mbele peke yangu.

Bwana Misitu alisimama na karatasi. Kwa mwaka mzima ameweka alama kwenye miti tisa. Tisa! Akaeleza polepole, akinitazama, yale aliyoyaeleza Jumatatu iliyopita. Ni mtu mwenye kinyongo. Nikajitetea kwamba wakata miti walikuwa na macho yao. Msimamizi wao akasema ndiyo, na macho yao yaliona mshale.

Nadhani hali ingetulia kama Mwenyekiti asingefungua daftari la wageni. Akasoma kwa sauti maoni sita ya Jumamosi. Alipofika kwenye "Imara ajabu, tumevuka bila hata kutikisika," akafunga daftari taratibu, akavua miwani, akayafikicha macho. Yule asiyependa kumuudhi mtu alikuwa ameudhika. Hata Spoki aliangalia chini. Huruma ya adui inauma kuliko fimbo.

Uamuzi: Spoki ndiye mwongozaji. Kofia imemkaa vizuri, kwa bahati mbaya. Mimi nitapanda miche mia nne na kumi, kumi kwa kila mti. Na nitajenga daraja jipya, chini ya usimamizi wa Spoki, mpaka ubao wa mwisho.

Jumatano, 12 Juni

Spoki alizunguka kwa kivuko cha juu, mwendo wa nusu siku, akaleta ujumbe wa mke wangu. Hakuuandika. Alimwambia tu, naye akanipa neno kwa neno huku akijikuna shingo kwa aibu: hajaniacha, ila hawezi kuja, maana nimelikata daraja. Likisimama, na likisimama kwa mikono yangu, atalivuka. Lisiposimama, ng'ambo kuna kazi ya kutosha na watoto wanazidi kuzaliwa.

Kwa hiyo hali ni hii. Mke wangu yuko kwa mama yake. Mama yake yuko kwangu. Goti haliwezi nusu siku ya kuzunguka. Amechukua kitanda, mimi niko kwenye kochi lenye springi moja inayonijua kwa jina. Leo hatimaye amelisemea jambo hili. Amesema njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu hata hiyo fupi nimeiziba kwa magogo.

Jumamosi, 15 Juni

Nachimba mashimo ya nguzo. Malengelenge kumi na moja. Spoki anapima kwa kamba, anasema chimba tena shibiri moja. Nachimba. Hanisimangi, na hilo ndilo linalonichosha.

Leo ajabu imetokea. Waendesha baiskeli kumi na wawili wamefika! Mwalimu Mstaafu amewasimulia wenzake huko aliko. Hawakutaka kijiji cha kale kwanza. Walitaka kuona magogo na lile daraja lililoangushwa kwa mshale. Walikaa ukingoni saa nzima, wakapiga picha, wakashikana mabega, wakacheka. Mmoja akaniomba nisimame karibu na kisiki. Nikasimama. Nilijipangusa matope kwanza.

Ijumaa, 28 Juni

Limesimama! Nguzo nne za chuma, waya mpya, mbao mia moja na sita, kila moja nimeikaza kwa spana mimi mwenyewe. Spoki alilirukia katikati mara tatu, kisha akanipa mkono wenye grisi. Akasema kazi nzuri. Nikatafuta hila ndani ya maneno hayo, sikuiona.

Saa kumi mke wangu akatokea ng'ambo. Akashuka kwenye baiskeli, akakanyaga ubao wa kwanza kwa ncha ya kiatu. Kisha akavuka, taratibu, akiikokota baiskeli, anatazama kila ubao. Alipofika kwangu akashika viganja vyangu, akavigeuza, akahesabu malengelenge. Akasema basi, turudi nyumbani. Nililia, na siandiki hapa kwamba ni vumbi.

Mama mkwe naye alivuka kurudi kwake, goti limepona ghafla. Katikati ya daraja alisimama akalitingisha. Akasema halijambo. Hiyo ni tuzo.

Nimemwapia mke wangu: hakuna ujanja tena. Nimeapa nimesimama, mkono juu.

Jumapili, 30 Juni

Jana walikuja waendesha baiskeli kumi na wanane, Spoki mbele na kofia yake. Nilikaa kwenye kichwa cha daraja, shati safi, tayari kueleza. Wakalivuka kwa nusu dakika. Hawakushuka hata kwenye baiskeli! Hakuna picha. Mmoja nyuma alimuuliza mwenzake kama ni hapa, na mwenzake akasema haiwezekani, hili ni daraja la kawaida tu.

La kawaida! Nimewaza usiku na mchana. Hatari hawaitaki, naelewa. Wanataka historia. Sasa, mbao tatu za katikati zikilegezwa kidogo, waya mmoja ukaachiwa uning'inie, na kibao kikawekwa kusema lisivukwe kwa siku mbili tatu, nani ataumia? Watasimama. Watauliza. Na atakayekuwepo kuwaeleza ni fundi aliyelijenga. Huu si ujanja, ni utalii. Kiapo kilihusu ujanja.

Na safari hii nimefikiria kila kitu, maana mtu hujifunza. Jambo la kwanza ni usalama wa mke wangu. Nimemuuliza, kama napiga soga tu, kesho anavuka saa ngapi kwenda kliniki. Amesema saa moja asubuhi. Basi, mbao nitazilegeza saa mbili, yeye akiwa ameshafika ng'ambo salama.